Sura ya Ognian Juu ya Jina la Mitar

Kabla Nedialka hajashuka vizuri kwenye basi, alimwona mumewe amekufa.

Alikuwa kwenye nguzo ya taa iliyo karibu na kituo, ndani ya ukingo mweusi, akitazama mbele kwa uso wa mtu aliyeambiwa asicheke. Nywele zimechanwa kwa maji, kola ya shati imekaa upande. Mimi nilikuwa nyuma ya Nedialka na katoni ya wino mikononi, nikamgonga mgongoni kwa kuwa alisimama ghafla mlangoni, mguu mmoja kwenye ngazi na mwingine hewani. Dereva akamwambia ashuke au arudi kukaa. Hakufanya hata kimoja. Alisema tu, kwa sauti ndogo kama anayejisomea, "Ognian," na akashika chuma cha mlango kwa mikono miwili.

Kwetu Lipnitsa mtu akifa hubandikwa. Karatasi yenye picha yake, jina lake na saa ya mazishi huwekwa langoni kwake, kwenye nguzo za barabarani na kwenye mti mkubwa ulio mbele ya duka la mikate. Ikifika arobaini hubandikwa nyingine, na mwaka ukiisha nyingine tena, hata mtu akawa kaburini siku nyingi na bado ukapishana naye ukienda kununua maziwa. Tangu kiwanda cha nguo kilipofungwa pamoja na gazeti lake, karatasi hizo zote zilitoka mikononi mwa Nedialka Karaivanova, kwenye kibanda chake cha picha na uchapaji kilicho chini ya maktaba ninamofanya kazi. Hakuna aliyeweza kufa Lipnitsa bila yeye kujua. Ndiyo maana alikauka pale mlangoni. Ikiwa mumewe alikuwa kwenye nguzo, basi ni yeye mwenyewe aliyemweka.

Na asubuhi ile Ognian alikuwa mzima. Alikuwa amempigia simu kutoka bandari moja ya Ugiriki, lori lake likiwa kwenye foleni ya kupanda meli ya kwenda Italia, akilalamika kwamba kahawa ya huko ina tope. Sasa Nedialka alimpigia, na mwanamke wa mtandao akamjibu kwa Kigiriki. Akapiga tena. Mwanamke yule yule.

Nilimwambia kwamba meli imeshaondoka, na katikati ya bahari simu haishiki. Hakunisikia. Alikuwa ameisogelea nguzo hadi pua yake ikakaribia karatasi, na ndipo aliposoma kilichoandikwa chini ya picha. Mitar Velkov, mchunga kondoo. Atazikwa leo, saa tisa alasiri.

"Jina ni la Mitar," alisema. "Sura ni ya Ognian."

Nikavuta pumzi. Nikamwambia basi ni kosa la uchapaji, tutazibandua, tumshukuru Mungu. Aligeuka akanitazama kama mtu aliyesikia upumbavu kanisani.

"Nani atasoma jina?" akasema. Halafu uso ukampauka kabisa. "Mama."

Alimaanisha mama mkwe wake, Bibi Stoina, mama mzazi wa Ognian. Bibi Stoina ana moyo mbovu na macho mabovu zaidi, na kila siku kabla ya chakula cha mchana huenda hadi kwenye mti mkubwa kuangalia nani amekufa. Miwani huiacha nyumbani. Husema hana haja nayo, kwa kuwa watu wote wanaokufa anawajua kwa sura.

Tuliiacha katoni pale kituoni tukakimbia.

Nedialka si mtu wa kukimbia. Ni mwanamke mnene wa taratibu, mwenye viganja vipana vilivyozoea kupanga herufi za madini ya risasi za kuchapia. Kazi hiyo aliifanya kwenye gazeti la kiwanda tangu ujana. Gazeti lilipokufa alinunua kompyuta, akaishi nayo kwa ugomvi, akiigombeza kama mkwe aliyeletwa bila kuulizwa. Kisha, majira ya baridi ya mwaka juzi, mwalimu mmoja kutoka jiji la Plovdiv akaja kufundisha skripti za kompyuta katika ukumbi wa maktaba, jioni mara moja kwa wiki. Vijana waliacha mmoja baada ya mwingine. Nedialka alibaki.

Kilichompendeza ni kauli. Mwalimu alieleza kwamba skripti si kitu kingine ila kauli zilizopangwa, kila kauli ni agizo moja, na mashine huanza na ya juu, ikaimaliza, ikashika inayofuata. Haiangalii nyuma. Haiulizi ulikusudia nini. Kuna kauli ya kuweka kitu kwenye kisanduku chenye jina, na kitu kikishawekwa humo hukaa humo mpaka kauli nyingine iweke kingine. Kuna kauli ya "kama", inayolinda mlango: sharti likitimia, yaliyo ndani hufanyika, lisipotimia, mashine hupita kana kwamba hayakuandikwa. Na kuna kauli ya mzunguko, inayosema maagizo haya yarudiwe kwa kila kazi iliyoko kwenye folda mpaka folda iishe. Nedialka alisema hiyo ndiyo lugha ya kwanza ya watu wenye adabu aliyowahi kuisikia. Akaanza kumpangia Ognian maisha kwa mtindo huo huo. Vua viatu. Kama vina matope, vifute. Kaa. Kula. Ognian akawa anawaambia madereva wenzake kwamba ameoa mara mbili, na wa pili ndiye mkali.

Mwishowe aliandika skripti yake mwenyewe ya kutengeneza kurasa, picha za leseni na matangazo ya vifo pamoja, ili asikae kila mara akipanga ukingo ule ule mweusi. Haikuwahi kumwangusha. Asubuhi ile alikuwa na haraka ya kuwahi basi la kwenda kununua wino, akaiwasha, printa ikatema karatasi zikiwa zimelala kifudifudi kama kawaida yake. Akazitia kwenye bahasha bila kuzigeuza, akamkabidhi Ilcho, dereva wa manispaa, akazibandike. Ilcho anatoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Kwake yeye sura zote za Lipnitsa ni sura tu.

Na kazi yake anaijua. Njia nzima Ognian alikuwa akitutazama. Ukutani kwa posta, kwenye lango la shule, kwenye uzio wa daktari wa meno, kola upande, gundi ikiwa mbichi bado. Wanaume wawili waliokuwa wamekaa nje ya duka la mikate walisimama wakavua kofia Nedialka alipopita. Hilo lilimtisha kuliko karatasi. Alijikwaa, nikamshika mkono.

Ginka, mwenye duka, alitoka akamkumbatia kabla hajasema neno.

"Pole, dada yangu. Pole sana. Na hata jina umekosea, masikini. Nikawaambia hapa, muacheni, mwanamke mwenye msiba ataona herufi wapi?"

Nedialka akajitoa kwenye ile mikono. Alisema Ognian hajafa. Ginka akanitazama mimi, akiuliza kwa macho hali hii imeanza lini.

"Bibi Stoina amepita?" nikamuuliza.

Alikuwa amepita. Ginka alisimulia kwamba alisimama chini ya mti muda mrefu, akanyoosha mkono akagusa karatasi pale kwenye shavu, halafu akaingia dukani kama kawaida. Hakulia. Aliomba ngano.

Ngano huchemshwa kwa ajili ya marehemu. Bibi kizee wa moyo mbovu alikuwa amekwenda nyumbani peke yake kumpikia mwanawe ngano ya mazishi.

Tulimkuta mzima. Madirisha yote yalikuwa wazi, na baridi ilikuwa imejaa nyumba. Kioo cha ukumbini kilifunikwa shuka, saa ya ukutani imesimamishwa, kama ilivyo desturi kwetu mtu akifa. Majirani kadhaa walikuwa wamekwisha kujipanga kando ya lango. Bibi Stoina alikuwa jikoni, kitambaa cheusi kichwani, akikoroga sufuria, na mshumaa ukiwaka mezani ndani ya glasi. Hakugeuka.

"Mama, Ognian yuko hai," alisema Nedialka.

"Kaa chini, mwanangu. Umechoka."

"Mama, nisikilize. Ni kosa langu. Aliyekufa ni mwingine, mashine imeweka picha ya Ognian."

"Baba yake pia mliniambia amevunjika mguu tu." Alisema bila hasira, akiendelea kukoroga. "Nikakaa namfumia soksi ya kuvaa juu ya plasta. Soksi hiyo ninayo mpaka leo. Sasa usinifiche tena, nimekua."

Nilijua kisa hicho. Mji mzima unakijua. Kwetu mtu mwenye ugonjwa wa moyo hufichwa msiba, akaambiwa kidogo kidogo, na Bibi Stoina alishawahi kufichwa kifo cha mumewe. Kila neno la kukana lilimwonyesha kwamba ndiyo kweli. Nedialka alipozidi kuapa, yeye alizidi kumtazama kwa huruma.

Bibi Stoina akampa amri moja tu: ampigie Ognian simu. Nedialka akapiga. Bibi Stoina akaipokea ile simu, akaiweka sikioni, akamsikiliza mwanamke wa Kigiriki mpaka mwisho.

"Nani huyu?"

"Ni mtandao, Mama. Ognian yuko baharini."

"Anasema nini?"

"Sijui. Ni Kigiriki."

"Ana sauti ya kutoa pole," akasema Bibi Stoina, akairudisha. Na hapo, kwa mara ya kwanza, mkono wake ukaenda kifuani ukabaki hapo. Midomo yake ilikuwa imepata rangi ya majivu. Nilitafuta vidonge vyake kwenye kabati, nikampa kimoja, akakimeza kwa heshima tu, kama mgeni anayeonja alichotengewa.

Nedialka alinivuta ukumbini. Aliniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kama nina hakika meli ile haikuungua. Nikamwambia si yeye aliyemweka Ognian kwenye nguzo, kwa mashine yake? Akasema ndiyo, lakini hajui amemwekaje. Hakuwa amefungua picha yake na kuibandika juu ya Mitar. Hakuwa amefanya hivyo hata kwa bahati mbaya. Mpaka ajue ni agizo gani lililofanya, hana neno la kumwambia Mama, na hana la kujiambia mwenyewe.

Kisha akarudi jikoni, akatoa kompyuta mpakato kwenye mkoba, akaifungua mezani kati ya mshumaa na bakuli la sukari.

Aliisoma skripti kwa kidole, kauli moja moja, kwa sauti, jinsi alivyofundishwa. Rudia kwa kila kazi. Chukua jina, weka kwenye kisanduku cha jina. Kama kazi ina picha, chukua picha, weka kwenye kisanduku cha picha. Tengeneza ukurasa kwa vilivyomo kwenye visanduku.

"Unasoma sala gani hiyo?" akauliza Bibi Stoina.

Kidole cha Nedialka kilikuwa kimesimama.

"Kama kazi ina picha," alisema tena. "Na kama haina?"

Nikamwangalia.

"Kama haina, sikusema kitu," akajijibu. "Mitar hakuwa na picha. Hana ndugu, manispaa ndiyo iliyoagiza. Ni wa kwanza kuja bila picha tangu niiandike. Mashine imefika kwenye 'kama', imeona haimhusu, imepita. Kisanduku cha picha kilikuwa bado kina aliyekuwa mbele yake."

Na aliyekuwa mbele yake alikuwa Ognian, na picha yake mpya ya leseni. Nedialka aliipiga mwenyewe Jumapili. Alimwambia asicheke.

Alimweleza mama mkwe wake mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Bibi Stoina alisikiliza huku akipunguza moto. Alisema ni maneno mazuri, na kwamba hata daktari wa mumewe alikuwa na maneno mazuri. Nilidhani tumefika mwisho. Majini simu haishiki, meli ingefika kesho, na sikuamini kwamba moyo ule ungefika kesho.

Nedialka akanyanyua simu yake.

"Mama, nitazame hapa."

Akampiga picha, na kitambaa chake cheusi, na mwiko mkononi. Nilidhani sasa ndiyo akili imemtoka. Akaihamishia kwenye kompyuta, akaiweka kwenye folda mahali pa picha ya leseni, mbele ya kazi ya Mitar, akaiwasha skripti. Kisha akaigeuza kompyuta kumwelekea.

Kwenye skrini, ndani ya ukingo mweusi, alikuwapo Bibi Stoina. Chini yake: Mitar Velkov, mchunga kondoo, atazikwa leo.

Mmoja wa wanawake wa langoni alikuwa amejisogeza dirishani kuchungulia. Alitoa sauti kama ya kuku aliyekanyagwa, akajiwekea ishara ya msalaba, akatoweka. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Nilisema ni dhambi, aizime. Nedialka hakuizima.

Bibi Stoina alitafuta miwani yake juu ya friji, akaivaa. Alijitazama akiwa amekufa. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Huyu ni mimi."

"Ni wewe, Mama."

"Na mwiko wangu."

"Na mwiko."

"Umeniandika wewe hapo?"

"Sikugusa kitu. Nimeitia picha yako mbele, Mitar akafuata. Ona." Akamwonyesha maagizo yale, akamwambia lililokosekana ni moja: kila duru inapoanza, kisanduku cha picha kimwagwe kwanza. Akaliandika palepale, mstari mmoja mfupi, akaiwasha upya.

Bibi Stoina akainama. "Bado nimekufa."

Kweli, alikuwa bado pale. Nedialka alijipiga paji la uso. Kwa haraka aliuweka ule mstari juu kabisa, kabla ya mzunguko kuanza, kwa hiyo mashine ilimwaga kisanduku mara moja tu, mwanzoni, kikiwa kitupu tayari, kisha ikamweka mama mkwe wake humo na kumwacha. Akaukata, akaushusha ndani ya mzunguko, uwe wa kwanza katika kila duru. Akaiwasha.

Mahali pa picha palikuwa peupe. Ukingo mweusi, weupe, jina.

"Sasa hayupo mtu," akasema Bibi Stoina.

Alivuta kiti akakaa. Nikaona rangi ikimrudia midomoni kidogo kidogo. Akamwita Nedialka kichaa. Akamwita muuaji wa familia nzima, mwana kwanza halafu mama. Alisema ameolewa katika nyumba ile, amezaa katika nyumba ile, na sasa amefanyiwa mazishi katika nyumba ile na mwiko mkononi, hata nafasi ya kuvaa viatu vizuri hakupewa. Nedialka alikuwa amepiga magoti chini, uso wake kwenye aproni ya yule mzee, akilia mpaka mabega yanaruka, na Bibi Stoina alikuwa akimgombeza na kumpapasa kichwa kwa wakati mmoja.

Kisha mkono ukasimama.

"Mitar yupi?"

Hatukuelewa.

"Aliyekufa. Mitar yupi? Wa kondoo?"

Nedialka akainua uso. Alisema ndiyo, Mitar wa kondoo, wa kule juu kwenye zizi la zamani. Bibi Stoina akatutazama mmoja baada ya mwingine, na ule mshtuko uliokuwa umemtoka nikauona unarudi, ila sasa ulikuwa wa namna nyingine. Alisema Mitar alikuwa akimletea jibini kila sikukuu ya Mtakatifu Georgi, akiiweka juu ya ukuta bila kubisha hodi, kwa haya zake. Alisema mji mzima umeshinda unamlilia mtu aliye hai, mlango wake umejaa watu, na Mitar je? Nani amekwenda kwake?

Nami nilikuwa nimelisoma lile jina kwenye kila nguzo tangu kituoni.

Bibi Stoina alisimama akaionja ngano, akaongeza sukari na kokwa za jozi zilizosagwa. Alisema imeshaiva, na haimwagwi. Akatoka langoni na kitambaa chake kile kile, akawaambia majirani kwamba Ognian hajafa, bahati mbaya kwao, lakini mazishi yapo saa tisa na wao wameshavaa.

Walikwenda. Wengine nadhani walikwenda kwa kuwa hawakujua namna ya kurudi nyumbani. Makaburini tulimkuta padri, Ilcho na wachimbaji wawili, na walipotuona tukipanda mlima na bakuli na mishumaa, Ilcho alirudi nyuma akidhani amekosea marehemu. Ginka alileta mikate. Wale wanaume wawili wa nje ya duka wakavua kofia mara ya pili. Nedialka alisimama karibu kabisa na shimo, na kwa muda wote wa ibada hakuacha kulitazama sanduku, kana kwamba alitaka mtu amfunulie ahakikishe.

Simu yake iliita tulipokuwa tunagawa ngano. Ilikuwa Ognian, meli ilipita karibu na kisiwa fulani, mtandao ukashika. Nedialka aliliona jina, akaipokea. Akampa mama mkwe wake.

Bibi Stoina alisikiliza. Nilikuwa karibu, nikaisikia ile sauti nzito ikiuliza mbona amepigiwa mara nyingi, kuna nini nyumbani.

"Umekula?" akamuuliza.

Akasema amekula.

"Haya. Na hiyo kola yako, siku nyingine iweke sawa kabla ya kupigwa picha." Akarudisha simu, akaketi juu ya jiwe la kaburi la jirani, na hapo ndipo alipolia.

Ognian aliporudi alikuta karatasi nyingi zimekwanguliwa, isipokuwa ya kituoni. Gundi ya Ilcho ilikuwa imekauka kama chuma. Alipita akajisalimia, na anafanya hivyo mpaka leo kwenye kile kipande cha paji la uso kilichobaki.

Arobaini ya Mitar ilipofika manispaa haikuagiza kitu. Nedialka aliitengeneza mwenyewe. Printa ilipotema karatasi kifudifudi alizigeuza zote, moja moja, akizitazama. Alikuwa amemuuliza Bibi Stoina kama aweke msalaba pale peupe, au ua, ili nafasi isikae tupu. Bibi Stoina akasema paachwe. Mtu huyo hakuwa na picha, na wanaomjua wanamjua.